Nchi Ndogo Aliyoiokota Maman

Jumapili moja ya kiangazi, baada ya misa ya pili, dada yangu mkubwa alikata karatasi vipande vipande, akaandika jina la nchi juu ya kila kipande, akavikunja na kuvitupa ndani ya sufuria ya kusongea fufu iliyokuwa imetoka kuoshwa. Olimpiki ilikuwa inaanza wiki ile. Nyumbani kwetu Ibanda, hapa Bukavu, tunapenda michezo kupita kiasi, na dada alikuwa amechoka kusikia watu wote wakishangilia Wamarekani.

"Kila mutu atachota inchi yake," alisema. "Ile utachota, njo yako mpaka mwisho. Hakuna kubadirisha."

Papa alichota Brazili, akasimama na kujipigia makofi mwenyewe. Mimi nilichota Kenya, nikaanza kuhesabu medali kabla hata sijakaa. Dada akapata Japani. Maman ndiye aliyekuja wa mwisho. Aliingiza mkono katika sufuria akazungusha taratibu, kama mtu anayetafuta madonge ya unga, akatoa kipande kilichobaki chini kabisa. Alivaa miwani, akasoma, akaigeuza karatasi, akasoma tena.

"Nani ameandika jina ya dawa hapa?"

Dada alicheka hadi akashika ukuta. Haikuwa dawa. Ilikuwa nchi, ya visiwa, katikati ya bahari kubwa kule upande wa pili wa dunia. Alikuwa ameiokota kwenye orodha kwa mzaha tu. Jina lake sitaliandika, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyelizoea. Tangu siku ile tuliiita "inchi ya Maman" na inatosha.

Maman alikuwa amestaafu ualimu. Alifundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi miaka mingi sana, na mpaka leo akisema "sikiliza", hata mbwa wa jirani anaketi. Kitu asichokijua hawezi kukiacha kipite. Akanigeukia mimi.

"Fungula telefone. Niambie habari ya inchi yangu."

Nilifungua nikasoma kwa sauti. Ilikuwa nchi ndogo kuliko nilivyodhani nchi inaweza kuwa. Watu wake wote ungewaingiza katika kona moja ya mtaa wa Kadutu na nafasi ya kufungua soko ingebaki. Iliingia Olimpiki juzijuzi tu. Mara ya kwanza ilipeleka wanariadha wachache ambao wangeenea kwenye benchi moja la kanisa, na mara zilizofuata wakawa wachache zaidi. Hawana uwanja wa kukimbilia. Wakimbiaji wao hufanya mazoezi juu ya uwanja wa ndege, kwa sababu ndiyo barabara pekee iliyonyooka, na ndege ikikaribia, king'ora kinalia na watu wanaondoka na viatu vyao mkononi. Safari hii walikuwa wamepeleka wawili: msichana mmoja na kijana mmoja, wote wa mita mia.

"Na medai?" Maman aliuliza. "Bako nazo ngapi?"

"Hakuna, Maman."

"Hata moja ya shaba?"

"Hata moja."

Papa akaangua kicheko. "Umechota ufukara!"

Maman aliniambia nitafute na yetu, ya Kongo. Nilitafuta. Nilitafuta mara mbili, nikidhani nimekosea. Kisha nikawaambia: sisi pia, katika Olimpiki zote tulizowahi kwenda, hakuna medali.

Papa, ambaye anapenda kusema ukubwa wa Kongo kana kwamba aliipima kwa miguu yake, alitazama dari.

"Inchi kubwa hivi," Maman alisema polepole, "na ile kadogo. Zero na zero."

"Mechi nul," Papa akasema, kwa maana ya sare, na safari hii alicheka mpaka machozi. Tulicheka wote. Maman akaikunja karatasi yake, akaitia ndani ya kifuko cha rozari, akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ni mtu wa kule.

Tulidhani ni mzaha wa Jumapili. Jumatatu alikwenda kwa fundi cherehani, akarudi na bendera ya nchi ile iliyoshonwa kwa vipande vya kitenge, kwa sababu rangi ya buluu aliyoitaka haikupatikana katika kitambaa kingine. Jumanne, akina maman wa kwaya walikuwa tayari wanajua habari ya uwanja wa ndege na king'ora. Alhamisi, muuza mkate alimwuliza, "Maman, batoto benu banakimbia lini?"

Sasa lazima niseme jambo langu. Mimi nilikuwa na posa. Jumamosi ya wiki ya pili ya michezo familia yangu ilikuwa ipeleke mahari Kalehe, kwa wazazi wa msichana niliyekutana naye chuoni. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na katekista, mtu mwenye saa ya mkononi ambayo aliitazama hata akiwa hana pa kwenda. Mchumba wangu alinionya miezi mitatu mfululizo: "Papa anasameheaka bintu yote, isipokuwa kuchelewa." Tulipewa saa tano asubuhi.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, yule msichana wa mita mia alikuwa akimbie asubuhi. Maman aliamka mapema, akavaa nguo ya kanisani, akatundika bendera juu ya televisheni. Majirani sita walikuja. Wasichana walikuwa wameinama kwenye mstari, mikono chini, migongo juu, na umeme ukakatika.

Sitasahau kelele zilizotoka katika nyumba yetu. Mlinzi wa shule ya jirani alikuja mbio akidhani kuna msiba. Umeme ulirudi baada ya saa moja, na kwenye televisheni kulikuwa na watu wanaendesha farasi. Nilitafuta matokeo kwenye simu, nikamwambia Maman kwamba msichana alifika wa mwisho katika kundi lake.

"Alifika," Maman alisema, "na mimi sikumuona." Akaikunja bendera. "Yule kijana, kesho, nitamuona. Ata kama dunia inageuka."

"Kesho tuko na dot, Maman," nikamkumbusha siku ya kupeleka mahari.

"Najua tarehe ya dot ya mutoto wangu."

Jumamosi tuliondoka asubuhi, basi dogo la kukodi mbele, na nyuma yake pikapu yenye mbuzi wanane, makreti ya bia na vitenge vilivyofungwa ndani ya nailoni ili vumbi lisiviguse. Mimi nilikuwa nimevaa suruali nyeupe, kosa ambalo dada yangu alinikumbusha kila kilomita. Kiti cha mbele alikaa mshenga wetu, mzee aliyeongoza kwaya ya parokia, mnene, mwenye suti ya kijivu na sauti ya besi. Yeye ndiye angetusemea kwa wakwe. Njia nzima alikuwa anajisomea methali zake za Kimashi midomo ikitembea, kama mwanafunzi kabla ya mtihani.

Tulipita soko la Mudaka, tukapita uwanja wa ndege wa Kavumu, na pale nilimwona Maman akichungulia njia ya ndege kwa muda mrefu kuliko kawaida. Tulipokaribia Katana, alimwita dereva.

"Papa dereva, simama pale kuko parabole."

Kulikuwa na nyumba ya mbao yenye dishi la setilaiti juu ya bati, mahali ambapo vijana hutazama mpira. Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika chache.

"Maman, tafazali. Saa tano!"

"Ni mbio ya sekunde kumi na kidogo," alisema akiteremka. "Wee ulizaliwa mu masaa kumi na saba, na sikukuharakisha."

Papa alishuka. Dada alishuka. Mshenga alisema yeye atabaki garini na methali zake, kisha akashuka. Mwenye nyumba alikuwa kijana mwembamba aliyekuwa akionyesha muziki kwa wateja wanne.

"Maman, huku tunaonyeshaka mpira tu na muziki."

"Sikiliza," Maman alisema.

Kijana akakaa. Naapa, alikaa. Maman akamweleza kwa maneno ya darasa la tatu: visiwa, bahari, uwanja wa ndege, king'ora, viatu mkononi, umeme wa jana. Alipomaliza, wateja wanne walikuwa wamegeuza viti vyao na kijana alikuwa anatafuta chaneli.

Mita mia zilikuwa zimeanza, zile za awali, za nchi ambazo hazitarajiwi kufika mbali. Kundi la kwanza lilikimbia. Mtu wetu hakuwamo. Watu walianza kuingia kutoka barabarani: mama mwenye beseni la maparachichi, madereva wa pikipiki wawili, mwanafunzi mwenye kitabu. Kundi la pili likakimbia, hakuwamo. Simu yangu ilitetemeka. Mchumba wangu.

"Muko wapi?"

"Katana."

"Muko nafanya nini mu Katana?"

"Maman anangojea mutu mumoja."

"Mutu gani?"

Pale pale nyumba nzima ilipiga kelele, nikakata simu. Bendera ilikuwa imetokea kwenye kioo cha televisheni, na nyuma yake kijana mrefu mwenye uso wa mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Alikuwa kwenye mstari wa pembeni kabisa. Kamera ilimpita kwa haraka. Maman alikuwa ameifungua bendera yake ya kitenge, ameishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, na alikuwa anasema naye kwa sauti ndogo: "Usiogope, papa. Usiwaangalie. Angalia njia yako."

Wakainama. Nilimsikia mbuzi mmoja tu kwenye pikapu.

Bunduki ikalia, na siwezi kukueleza mbio zile kwa mpangilio, kwa sababu nilikuwa naruka. Najua kwamba alitoka vizuri. Najua kwamba katikati wengine walimwacha, mmoja baada ya mwingine. Najua kwamba mshenga wetu, kwa sauti yake yote ya besi, alikuwa anaimba neno moja, "Kimbia! Kimbia! Kimbia!", na bati lilikuwa linatetemeka. Kijana wetu alivuka mstari wa mwisho akiwa wa mwisho, kifua mbele, macho ameyafumba.

Mama wa maparachichi alisema, "Pole, maman," na Maman akatikisa kichwa kama mtu anayepokea rambirambi.

Ndipo mtangazaji, kwa Kifaransa, akasema, kama jambo dogo tu la kupitisha, kwamba yule wa pembeni alikuwa amevunja rekodi ya taifa lake.

"Amesema nini?" aliuliza dereva wa pikipiki.

Maman alikuwa amesikia. Kwenye kioo yule kijana alikuwa ametazama juu, kwenye ubao wa saa, akaona kitu kile kile, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kurukaruka peke yake wakati wenzake walikuwa wanaondoka.

"Rekodi!" Maman akapaza sauti. "Hakuna mutoto wa kwabo ameshakimbia hivi! Tangu Mungu aumbe bile bisiwa, hakuna!"

Baada ya hapo sikumbuki nani aliyeanza. Tulijikuta nje, katikati ya barabara ya Kalehe, tukicheza. Maman na bendera mbele, akina mama wa soko nyuma yake, Papa akipiga kreti tupu kama ngoma, mimi na suruali yangu nyeupe katika vumbi la kiangazi. Lori lilisimama na dereva wake akauliza kama uchaguzi umeisha. Alipoambiwa ni mtu aliyefika wa mwisho katika mita mia, alizima injini na kushuka kucheza.

Mbuzi mmoja aliona nafasi yake. Aliruka kutoka kwenye pikapu akashika njia ya migomba. Mshenga akawa wa kwanza kumwona, akamfuata na suti yake ya kijivu, tai begani, na nyuma yake wanaume kumi, na nyuma ya wanaume kumi, vicheko vya Katana nzima. Alimkamata karibu na kisima. Alirudi amemkumbatia mbuzi kama mtoto aliyepotea, kiatu kimoja kimejaa tope, methali zote zimemtoka kichwani.

Tulifika Kalehe saa saba.

Wakwe walikuwa wamekaa chini ya turubai, safu nne, kimya. Baba wa mchumba wangu alikuwa ameweka mkono wake juu ya goti kwa namna ambayo saa ilionekana vizuri. Hatukuruhusiwa kukaa. Msemaji wao, mjomba mkubwa mwenye fimbo, alisimama na kuuliza kama tulipotea njia, au tulikuwa tumebadili mawazo, au Bukavu siku hizi jua linatoka magharibi.

Mshenga wetu alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta methali, hata moja, na hakuna iliyokuja. Mwishowe akasema ukweli.

"Bazee, tulisimama kuangalia mbio."

Manung'uniko yalipita katika safu kama upepo kwenye mahindi. Nilitamani ardhi inimeze. Kupitia dirisha la nyumba niliona pazia likitikisika, na nilijua ni nani aliyesimama nyuma yake.

"Mbio gani?" mjomba akauliza.

"Naomba niseme mie," Maman akasema. Wanawake hawasemi katika hatua ile, kila mtu anajua. Lakini alikuwa tayari ametangulia hatua mbili, na tayari amesema "sikilizeni", na safu nne zilisikiliza.

Akawaeleza yote. Alianza na sufuria ya fufu. Alieleza visiwa, alieleza ndege inavyotua na wakimbiaji wanavyokimbilia majani, akawaonyesha kwa miguu yake mwenyewe. Alipofika kwenye zero na zero, mzee mmoja wa safu ya tatu alianza kukohoa, na kikohozi chake kilikuwa kicheko. Alipofika kwenye mbuzi, shangazi za mchumba wangu walikuwa wameinamiana. Hata mjomba aliegemea fimbo yake.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Aliinua kidole.

"Huyo kijana alifika wa ngapi?"

"Wa mwisho, papa," Maman alisema.

"Na nyie mulicheza mu barabara juu ya wa mwisho?"

"Papa, kule alikuwa wa mwisho. Kwabo yeye njo wa kwanza wa wote, tangu zamani. Mie nilifundisha batoto. Mutoto akipita kipimo chake mwenyewe, unangojea mwenzake ashindwe ndiyo ucheze?"

Baba mkwe aliitazama saa yake. Sote tuliitazama saa yake. Kisha akaivua, akaitia ndani ya mfuko wa koti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanzo nilidhani ni hasira. Alicheka bila sauti, muda mrefu, huku akifuta macho kwa kitambaa cha kukunjwa, na mkewe pembeni akamtazama kana kwamba wametambulishwa siku ile.

"Amende iko," alisema alipoweza, akitutoza faini. "Kreti moja juu ya kuchelewa. Na huyu maman akae karibu na mie, sijamaliza kuuliza maulizo."

Yaliyobaki yalikwenda kama maji yanayoteremka. Mbuzi walihesabiwa, yule mkimbiaji wao alipigiwa makofi. Vitenge vilifunguliwa. Maman na baba mkwe waliongea mpaka mshenga akawaomba wapunguze sauti ili aweze kusema methali mbili alizozikumbuka. Kisha mchumba wangu akaletwa nje, amevaa kitenge cha zambarau, macho chini kama inavyopasa, lakini nilimjua: alikuwa anauma shavu kwa ndani asicheke. Baba yake akamkabidhi chupa ya kwanza na kumwuliza, mbele ya watu wote, swali ambalo kila msichana huulizwa siku ile.

"Binti yangu, hii pombe ya hawa batu. Tukunywe, ao tuirudishe?"

Alinitazama mimi, vumbi mpaka magotini, akamtazama Maman, akamtazama mshenga na kiatu chake cha tope.

"Mukunywe, papa," alisema. "Na mukunywe mbio, kabla bapate tena kitu ya kuangalia."

Turubai karibu lianguke kwa kelele. Baadaye, tulipopewa sahani moja ya wali na sambaza, dagaa wa ziwani, tule pamoja, aliniinamia sikioni.

"Nani alikatala kusimama pale Katana? Sema kweli."

"Mie," nilikiri. "Niliogopa saa ya papa yako."

"Na nani alicheza?"

"Mie tena."

Alifikiri kidogo, akachukua sambaza kubwa kuliko zote kutoka upande wangu wa sahani, akaitafuna yote, kisha akasema basi, atanichukua, na akaanza kucheka vibaya sana hivi kwamba Fanta yake nzima iliishia juu ya suruali yangu.